Calton Hill, Edinburgh: mwongozo wa anayepanda mara ya kwanza

Kila anayefika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kwa mara ya kwanza huuliza yaleyale. Kile kilima chenye nguzo kama za hekalu la Kigiriki kinapandiwa wapi? Kuna kiingilio? Mnara mrefu unapandwa, au ni wa kutazamwa tu? Mtoto ataweza? Na ule mlipuko wa saa saba mchana ni wa nini? Majibu yako hapa, kwa mpangilio wa safari yenyewe, kuanzia kituo cha treni hadi kurudi chini.

Kwanza tuondoe utata. Calton Hill ni bustani ya umma katikati ya mji. Jiji lilinunua ardhi yake mwaka 1724, na ni miongoni mwa bustani za umma za mwanzo kabisa Uingereza. Kukipanda ni bure, mchana na usiku. Kinacholipiwa ni kupanda Mnara wa Nelson. Halafu usikichanganye na Arthur's Seat, mlima wa mita 251 ulio upande wa pili wa bonde, unaotaka viatu vya kupandia na nusu siku. Calton Hill ina urefu wa kama mita 100 tu kutoka usawa wa bahari, na ukianzia barabarani unafika juu ndani ya dakika kumi.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa saba mchana ndiyo 13:00 kwenye vibao na tiketi. Edinburgh iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi uliyotoka nayo nyumbani hairekebiki bila wewe.

Vitu vya kuandaa

- Viatu vyenye soli ya kushika. Raba zilizolika na viatu vya ngozi vya soli laini ndivyo vinavyoangusha watu kwenye mawe yenye unyevu.
- Koti la kuzuia upepo, hata Julai. Kilima hakina miti ya kukinga, na upepo wa bahari unapita moja kwa moja. Mwavuli acha nyumbani. Utageuzwa nje ndani kabla hujafika kileleni.
- Kofia ya kubana kichwa na glavu kuanzia Oktoba hadi Aprili.
- Kadi ya benki ya kugusisha, kwa ajili ya mnara, basi na tramu.
- Simu yenye chaji ya kutosha. Baridi humaliza betri haraka, na hapa utapiga picha nyingi kuliko ulivyokusudia.
- Maji, nusu lita kwa mtu inatosha.
- Muda: dakika 90 bila kupanda mnara, saa mbili na nusu ukiupanda na kutazama vyote kwa utulivu.

Nenda choo kabla ya kupanda. Vyoo vya kituo cha Waverley ni vya bure. Huko juu usitegemee.

Kuchagua siku na wakati

Ukiweza kuchagua, nenda Jumatatu hadi Jumamosi, na uwe juu kabla ya saa saba mchana. Huo ndio wakati wa tufe la saa, tufe kubwa la kileleni mwa mnara linaloshushwa saa saba kamili, ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloupa mnara maana. Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi mzinga wa Ngome ya Edinburgh, ule unaolipuka saa saba mchana, haupigwi.

Mwanga wa huku unawashangaza watu wa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwishoni mwa Juni huzama karibu saa nne usiku. Kwa hiyo "nitakwenda jioni" ya Desemba ni giza, na ya Juni ni mchana mweupe.

Kwa picha, asubuhi ndiyo bora, kwa sababu jua liko mashariki, mgongoni mwako, na linaiangaza Ngome. Ukitaka jua likizama karibu na Ngome, njoo kati ya Novemba na Januari. Juni jua huzamia kaskazini-magharibi, mbali kabisa na Ngome, na wengi husubiri saa mbili nzima upande usio wake.

Usiku wa tarehe 30 Aprili kilimani hufanyika Beltane, sherehe ya moto iliyoanza mwaka 1988. Usiku huo huingii bila tiketi.

Hatua kwa hatua

1. Asubuhi hiyohiyo, hakikisha mnara uko wazi. Angalia tovuti ya makumbusho za jiji la Edinburgh. Mnara hufungwa kwa matengenezo, na siku ya upepo mkali sehemu ya juu inaweza kufungwa ghafla. Ratiba uliyoiona mwezi uliopita isikutoshe. Hakikisha pia kama tufe linashushwa siku hiyo: mwaka 2007 dhoruba iliharibu mtambo wake, na halikurudi kazini hadi 2009.

2. Fika Princes Street. Ukija kwa treni, shuka Waverley na utoke kwa Waverley Steps, ngazi za mawe zenye ngazi za umeme pembeni. Zina sifa ya upepo, basi funga koti ukiwa bado ndani. Ukitoka juu, geuka kulia, uipite hoteli ya Balmoral yenye mnara wa saa. Ukitoka uwanja wa ndege kwa tramu, shuka St Andrew Square, au endelea hadi Picardy Place kisha upande Leith Street kwa miguu.

Angalizo la maana hapa: saa ya Balmoral huwekwa mbele kwa dakika tatu makusudi, ili abiria wasikose treni. Usiitumie kuhesabu muda wa tufe. Tumia simu.

3. Fuata Waterloo Place kwenda mashariki. Vuka makutano mwishoni mwa Princes Street na uende moja kwa moja. Utapita juu ya daraja, Regent Bridge, na watu wengi hawatambui kwamba wako juu ya daraja. Kulia kuna makaburi ya zamani ya Old Calton. Yaache kwa sasa, utayapitia ukirudi. Mbele kidogo, upande wa kushoto, ndiko zinakoanzia ngazi za kilima. Kutoka kituoni ni mwendo wa dakika kumi hivi.

4. Chagua njia ya kupandia. Ziko tatu, na hapa ndipo wenye watoto wadogo na wazee wanapokosea.

Ngazi za Waterloo Place ndizo fupi. Ni za mawe, zina mahali pa kushika, na mtu mwenye afya ya kawaida anazimaliza kwa dakika tano akipumzika mara moja.

Barabara ya lami inaanzia Regent Road, mbele zaidi ya ngazi. Haina ngazi hata moja na inafika uwanda wa juu. Hii ndiyo ya kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto. Ina mwinuko mkali, kwa hiyo anayesukuma awe na nguvu, na kushuka kwake kunataka breki nzuri kuliko kupanda.

Njia za upande wa Royal Terrace zinapita kwenye nyasi na vichaka. Zinapendeza kiangazi. Baada ya mvua ni tope, na gizani usizipite.

Kwa gari binafsi usijisumbue. Maegesho ya kutegemea juu hakuna.

5. Simama mahali sahihi kungojea tufe. Uwe juu saa sita na dakika 45. Mnara wa Nelson utautambua mara moja: umejengwa mithili ya darubini ya baharia iliyosimamishwa kichwa chini, na kileleni kuna mlingoti wenye tufe kubwa la mbao lililofunikwa zinki.

Karibu kila mgeni husimama kwenye nguzo za Kigiriki na kuutazama mnara kutoka hapo. Ukiwa hapo unatazama kusini-magharibi, na saa saba mchana jua liko upande huohuo, hivyo tufe linageuka doa jeusi kwenye picha. Wakati wa baridi jua liko chini sana na linakupofusha kabisa. Nenda upande wa magharibi wa mnara, kwenye njia ya kuelekea jengo dogo la mviringo lenye nguzo, ambalo ni kumbukumbu ya mwanafalsafa Dugald Stewart. Hapo jua linakuwa kuliani kwako na tufe linaonekana vizuri.

Dakika chache kabla ya saa saba tufe hupandishwa. Saa saba kamili hushuka. Anza kurekodi likiwa tayari limefika juu. Usingoje mlio wa mzinga ndipo ubonyeze, kwa sababu Ngome iko zaidi ya kilomita moja kutoka hapa na sauti huchukua kama sekunde tatu na nusu kukufikia.

Sababu ya yote haya ni meli. Tufe liliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 chini ya Charles Piazzi Smyth, mwanafalaki wa kifalme wa Uskoti, ili mabaharia walioko bandari ya Leith warekebishe saa zao kabla ya kung'oa nanga. Baharia alijua amefika wapi mashariki au magharibi kwa kulinganisha saa ya jua na saa aliyoibeba kutoka nyumbani. Saa hiyo ikikosea kwa sekunde nne tu, karibu na ikweta, tuseme njia ya kuingilia Mombasa, alikuwa amepotea kwa karibu kilomita mbili. Na kwenye mwambao wenye miamba ya matumbawe, kilomita mbili ni meli kuzama. Mzinga uliongezwa 1861 kwa ajili ya siku za ukungu, wakati tufe halionekani. Mwaka huohuo ilichapishwa ramani iliyoonyesha sauti inachelewa sekunde ngapi kufika kila sehemu ya mji, ili mtu wa Leith ajue kiasi cha kupunguza.

6. Panda Mnara wa Nelson. Ulijengwa kati ya 1807 na 1815 kumkumbuka Nelson, admirali wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekufa katika vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Ndani kuna ngazi 143 za kuzunguka, na hakuna lifti. Chini kuna maonyesho madogo. Yasome kwanza, kwa sababu ukishuka miguu itakuwa inatetemeka na hutakuwa na hamu.

Mkoba mkubwa uvae kifuani, usiuache mgongoni. Ngazi ni nyembamba, na wanaopanda na kushuka wanatumia njia ileile. Anayepanda ashike upande wa ukuta wa nje, kwa kuwa ndiko kidato kilikopanuka. Karibu na nguzo ya katikati kidato kinabaki na upana wa vidole. Ukikutana na mtu, mmoja asimame kabisa. Kupishana huku wote mnatembea ndiko kunakoteleza watu. Pumzika kila baada ya ngazi 40 hivi.

Mlango wa juu ni mwembamba, na baraza la nje ni dogo. Toka, zunguka polepole, wape wengine nafasi. Magharibi utaona Ngome na Princes Street. Kusini ni Arthur's Seat na miamba ya Salisbury Crags, na chini yake kasri la Holyrood na bunge la Uskoti. Kaskazini ni Leith na mlango wa bahari wa Forth, na ng'ambo yake Fife. Simu ifunge kamba mkononi; upepo wa hapo si wa kuchezea.

Mwenye kizunguzungu, mwenye maumivu ya goti, au anayeogopa mahali pa kubana, asijilazimishe. Mandhari ya chini ya mnara ni karibu sawa na ya juu. Tunasema hivi kwa wale wanaodhani wamekuja bure wasipopanda.

7. Tazama nguzo za National Monument. Ni 12. Zilikusudiwa kuwa mwanzo wa hekalu zima kwa mfano wa Parthenon ya Athens, kuwakumbuka wanajeshi wa Uskoti waliokufa katika vita dhidi ya Napoleon. Jiwe la msingi liliwekwa 1822, ujenzi ukaanza 1826, na 1829 fedha zikaisha. Baadhi ya mawe yalihitaji farasi 12 na watu 70 kuyapandisha kilimani. Wenyeji waliziita "aibu ya Edinburgh", na leo ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu kingine chochote hapa.

Utaona watu wamekaa kwenye kitako cha nguzo, nawe utatamani. Kabla hujapanda, tazama utakavyoshuka. Vidato vyake vilichongwa kwa kipimo cha hekalu, si cha mguu wa mtu. Unajivuta kwa mikono kupanda, na kushuka inabidi uruke au uteleze kwa makalio. Jiwe limelainika kwa miguu ya watu wa karibu miaka 200, na kivuli cha nguzo hulifanya lisikauke baada ya mvua. Likiwa na maji, usipande. Likiwa kavu, shuka ukiwa umeligeukia, kama unavyoshuka ngazi ya kuegemeza. Mtoto usimpandishe halafu ukabaki chini na kamera: asimame mtu mzima mmoja juu na mmoja chini.

8. Maliza na vitu vidogo. Kumbukumbu ya Dugald Stewart ya mwaka 1831 ndiyo inayotokea mbele ya Ngome katika picha maarufu za mji huu. Ukitaka picha hiyo, rudi nyuma hatua kadhaa hadi jengo, saa ya Balmoral na Ngome vikae mstari mmoja. Ndani ya ukuta kuna jumba la zamani la wanafalaki, lililochorwa na William Playfair mwaka 1818. Tangu 2018 ni mahali pa sanaa.

Usiukose mzinga wa shaba uliowekwa nyasini, ambao watoto huupanda kama farasi. Ni wa Wareno. Ulipelekwa Asia, ukaangukia mikononi mwa watawala wa Burma, Waingereza wakauteka huko 1885, na mwaka uliofuata ukaletwa Edinburgh. Aliyewahi kutembea Fort Jesus atajua mara moja aina ya watu walioutengeneza: ni walewale waliojenga ngome ile ya Mombasa katika miaka ya 1590. Sogea karibu uutazame mwili wake, una nembo ya kifalme na maandishi ya Kiburma pia.

9. Shuka kwa njia uliyoijua. Kama giza linaingia, tumia ngazi za Waterloo Place au barabara ya lami, si njia za vichakani. Bado mchana? Ingia Old Calton. Kuna kaburi la mwanafalsafa David Hume, lililochorwa na Robert Adam, na sanamu ya Abraham Lincoln ya mwaka 1893, akiwa na mtu aliyetolewa utumwani miguuni pake. Ni kumbukumbu ya wanajeshi wa Kiskoti waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Dakika 15 zinatosha.

Makosa yanayorudiwa

Kufika saa saba na dakika tano. Tufe halishushwi mara ya pili, na kosa hili ndilo linalouma kuliko yote kwa mtu aliyetoka mbali. Wengi wa wanaochelewa walipita kwenye duka la kahawa wakiwa na "dakika kumi za ziada".

Kutazama jotoridi kwenye simu bila kutazama kasi ya upepo. Nyuzi 12 za mjini, zenye upepo wa kilimani, ni baridi ya kukufanya ushuke baada ya dakika kumi.

Kukaa juu peke yako usiku. Mchana ni mahali pa familia. Usiku pembe zake ni giza, na visa vya uhalifu vimetokea. Ukitaka kuona taa za mji, nenda na wenzako, kaeni upande wa Dugald Stewart ambako watu huwa wengi, mkashuke pamoja.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu umefunika kila kitu.* Huu ni ukungu wa bahari, wenyeji huuita haar. Huja zaidi kati ya Aprili na Septemba, hewa ya vuguvugu inapopita juu ya bahari baridi na kusukumwa nchi kavu na upepo wa mashariki. Mara nyingi ni tabaka jembamba linaloinuka kufikia mchana. Subiri saa moja Old Calton au mjini kabla ya kughairi. Upepo ukigeuka kutoka magharibi, unaondoka haraka.

*Mnara umefungwa.* Usipoteze siku. Fanya hatua ya 7 na ya 8, kisha zunguka ukingo wa kilima kwa mguu. Dakika 20 zinakuonyesha pande zote nne.

*Tufe halikusogea.* Angalia kama ni Jumapili. Kama si Jumapili, mtambo uko kwenye matengenezo au upepo umezidi. Mzinga wa Ngome utausikia hata hivyo.

*Umeshikwa na hofu katikati ya ngazi za mnara.* Kaa kwenye kidato, mgongo ukutani, waache wengine wapite. Shuka ukiwa umekaa, kidato kimoja kimoja, na mwenzako atangulie chini yako, asibaki nyuma.

*Mtu ameanguka au ametegua mguu.* Usimnyanyue kumshusha kwa ngazi. Piga 999, sema "Calton Hill", kisha taja jengo lililo karibu nanyi: Nelson Monument, National Monument au Dugald Stewart. Gari la wagonjwa linapandia barabara ya lami ya Regent Road, kwa hiyo mtume mtu mmoja asimame juu ya barabara hiyo awapungie mkono.